Mwandiko Uliotangulia Sura

Hebu fikiria unaanza uchumba na mtu ambaye hujawahi kumwona. Huna picha, huna sauti, una barua tu. Ndivyo ilivyokuwa kwa watu wa tabaka la juu katika kasri la Japani zama za Heian (794 hadi 1185), mji mkuu ulipokuwa Kyoto ya leo. Mwanamke wa ukoo bora alikaa nyuma ya mapazia, kwa hiyo mwanamume alimjua kwanza kwa mwandiko wake.

Barua yenyewe ilikuwa fupi, mara nyingi shairi la silabi 31 tu. Lakini mpokeaji hakuishia kwenye maneno. Aliangalia rangi ya karatasi, akanusa udi uliofukizwa, akatazama kama tawi la maua lililofungwa kwenye barua linaendana na msimu. Kisha akaangalia mistari ya brashi. Mwandiko ukiwa mbaya, uchumba ungeweza kufia hapohapo. Katika Hadithi ya Genji, riwaya ya Murasaki Shikibu ya mwanzoni mwa karne ya 11, Genji huwapima wanawake kwa mwandiko wao mara kwa mara.

Sasa, kwa nini mwandiko uaminiwe kiasi hicho? Sehemu ya jibu imo kwenye vifaa. Wino ulikuwa masizi yaliyochanganywa na gundi ya wanyama, yakakaushwa kuwa kipande kigumu. Mwandishi alikisugua juu ya jiwe lenye maji kidogo. Gundi huzuia chembe za kaboni zisishikane, kwa hiyo huelea majini na kupenya kati ya nyuzi za karatasi. Zikikauka, ndiyo basi. Huwezi kufuta, na ukijaribu kurudia mstari, wino unakuumbua.

Brashi nayo ni ya manyoya. Hunyonya wino kama utambi wa kibatari unavyonyonya mafuta. Ukishachovya, mstari hutoka mweusi na mnene. Ukiendelea kuandika unapauka, unakuwa mwembamba, mpaka uchovye tena. Halafu herufi za kana, zilizotokana na herufi za Kichina zilizorahisishwa, ziliandikwa kwa kuunganishwa. Yaani ukiwa na jicho zuri, unaona mkono ulipoharakisha, uliposita na ulipoishiwa wino.

Ujanja haukukosekana. Mwanamke aliweza kumwachia mhudumu wake aandike majibu ya mwanzo. Wanaume walilijua hilo, ndiyo maana barua ya mkono wake mwenyewe ilisubiriwa kwa hamu: ilikuwa dalili kwamba mlango umeanza kufunguka.

Na kaboni haipauki kwa mwanga kama zinavyopauka rangi nyingi za mimea. Shajara ya Fujiwara no Michinaga, kigogo wa siasa wa wakati huo, bado inasomeka kwa mkono wake mwenyewe baada ya miaka 1,000. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.