Goti likiuma, ipime baiskeli kabla ya kumeza dawa

MWALIMU mmoja wa shule ya upili alifika katika kliniki yangu asubuhi moja akiwa amejaa hofu. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia, yaani kidole kidogo na kile cha pete, vilikuwa vimekufa ganzi kwa siku tisa. Chaki ilikuwa ikimponyoka darasani. Babake aliaga dunia baada ya kupooza upande mmoja, na yeye mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 46, alikuwa ameambiwa miezi michache iliyotangulia kwamba sukari yake ya damu imeanza kupanda. Aliamini kuwa zamu yake imewadia.

Nilimpima shinikizo la damu, nikachunguza uso, usemi na nguvu za mikono na miguu. Sikuona dalili yoyote ya kiharusi. Ndipo nikamwuliza ikiwa kuna kazi au mchezo wowote mpya alioanza.

"Daktari, si ni wewe uliyeniambia nifanye mazoezi?" akajibu. "Nilinunua baiskeli, hizi za mbio zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo."

Goti lake la kulia lilikuwa likimuuma upande wa mbele, naye alikuwa akimeza tembe za kutuliza maumivu kila usiku. Akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango ili aondoke, alirudi akaninong'oneza jambo la tatu. Akiendesha kwa nusu saa, hata sehemu zake za siri hufa ganzi. Alikuwa amekata shauri kuiuza baiskeli hiyo.

Nilimwomba aje nayo Jumamosi. Kwa kweli hakuwa na magonjwa matatu. Alikuwa na baiskeli moja ambayo haikuwa imelinganishwa na mwili wake.

MAZOEA YA BLACK MAMBA

Wengi wetu tulijifunzia kwenye Black Mamba ya baba au ya jirani. Baiskeli hiyo ina kiti kipana chenye springi na usukani ulioinuka, hivyo mwendeshaji hukaa wima na uzito wake karibu wote hubebwa na makalio. Baiskeli ya mbio ni tofauti. Mwendeshaji huinama ili upepo usimzuie, na uzito wake hugawanywa kati ya makalio, miguu na mikono. Kipimo kimoja kikikosewa hata kwa sentimita mbili, mzigo huhamia mahali ambapo hapakuumbwa kuubeba. Kumbuka kwamba miguu ikizunguka mara 80 kwa dakika, kila goti hukunjwa mara 4,800 kwa saa moja. Kosa dogo likirudiwa mara nyingi hivyo huwa jeraha.

Kuna zoea lingine tulilotoka nalo huko, nalo ni kutaka nyayo zote mbili ziguse ardhi mtu akiwa angali ameketi. Mwalimu wetu aliomba hivyo dukani na muuzaji akamkubalia. Kwa baiskeli ya mbio, kiti cha namna hiyo kiko chini mno. Ukitaka kusimama, unapaswa kushuka mbele ya kiti na kukanyaga ardhi huku fremu ikiwa katikati ya miguu.

FREMU: PIMA KABLA YA KULIPA

Kiti huinuliwa na kushushwa, lakini fremu haifupishwi. Kabla ya kutoa pesa, panda fremu katikati ya miguu ukiwa umevaa viatu vya soli bapa. Inafaa kuwe na nafasi ya sentimita chache kati ya bomba la juu na kinena chako.

Urefu wa baiskeli kutoka kiti hadi usukani ni muhimu hata zaidi. Keti, kisha shika vishikio vya juu vya breki. Viwiko vikinyooka kama vijiti na mabega yakipanda kuelekea masikioni, fremu hiyo ni ndefu kwako. Watu wafupi, na wanawake wengi wakiwa miongoni mwao, huuziwa fremu kubwa kwa kuwa ndiyo iliyobaki na bei yake imepunguzwa. Nafuu hiyo utailipa kwa mgongo na shingo.

KIMO CHA KITI

Hiki ndicho kipimo cha kwanza, na mwenzako mmoja na ukuta vinatosha kukusaidia. Egemea ukuta ukiwa umeketi kitini na viatu vyako vya kawaida. Weka kisigino juu ya pedali na uizungushe hadi ifike chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande mmoja. Sasa sogeza mguu hadi sehemu pana ya unyayo, ile iliyo nyuma ya vidole, ikae juu ya ekseli ya pedali. Utaona goti limekunjika kidogo tu. Hapo ndipo pa kuanzia.

Ukitaka hesabu, iko njia iliyopata umaarufu kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka wa 1986, 1989 na 1990. Simama bila viatu, mgongo ukutani, ubane kitabu katikati ya miguu hadi kiguse mfupa wa kinena, kisha upime kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kipimo hicho kwa 0.883. Mtu mwenye sentimita 80 atapata takriban 70.6. Huo ndio urefu kutoka katikati ya ekseli ambako mikono ya pedali imefungwa kwenye fremu, hadi juu ya kiti.

Kiti cha mwalimu kilikuwa chini kwa karibu sentimita tano. Hatukukipandisha chote siku hiyo. Tulianza na sentimita mbili, kisha milimita tano kila baada ya siku chache, ili misuli izoee. Angalia pia alama iliyochorwa kwenye nguzo ya kiti kuonyesha mwisho wa kuivuta. Alama hiyo ikionekana nje, nguzo inaweza kuvunjika au kung'oka ukiwa barabarani.

Maumivu yenyewe hutoa habari. Goti likiuma mbele, kwenye pia au chini yake, mara nyingi kiti kiko chini mno au mbele mno, au unasukuma gia nzito. Likiuma kwa nyuma, aghalabu kiti kiko juu mno au nyuma mno. Mwambie mwenzako akutazame kutoka nyuma unapoendesha. Nyonga zikiyumba kushoto na kulia kama za abiria wa ngamia, shusha kiti kidogo.

MBELE, NYUMA NA PIMAMAJI

Kiti pia husogezwa mbele na nyuma. Weka mikono ya pedali iwe sambamba na ardhi, kisha teremsha uzi wenye kitu kizito, kama timazi ya mwashi, kutoka chini ya pia ya goti la mguu wa mbele. Uzi ukipita karibu na ekseli ya pedali, umeanza vyema. Hii si sheria, ni mahali pa kuanzia tu. Ukisogeza kiti, pima kimo chake upya kwa sababu vipimo hivi viwili huathiriana.

Kisha weka ubao mwembamba juu ya kiti na juu yake pimamaji ya fundi. Kiti kinapaswa kulala sawa, au pua yake iinamie chini kidogo sana. Cha mwalimu kilikuwa kimeinua pua kama ndege inayopaa. Alipoinama kushika usukani, pua hiyo ilimkandamiza kwenye msamba, mahali inapopita mishipa ya damu na ya fahamu inayohudumia sehemu za siri. Ndiyo maana ganzi ilimpata.

Wanaume huona haya kulitaja jambo hili, na wanawake, ambao pia hupatwa na ganzi, uvimbe na vidonda, hunyamaza vile vile. Tafadhali usivumilie. Ganzi si sehemu ya mazoezi. Sawazisha kiti, na kila baada ya dakika kumi hivi simama juu ya pedali kwa muda mfupi ili damu ipite.

Upana wa kiti nao una maana. Keti kwa uzito wako wote juu ya kipande cha katoni kilichowekwa kwenye stuli ngumu. Mifupa miwili ya makalio itaacha mabonde. Pima kutoka katikati ya bonde moja hadi la pili. Kiti lazima kiwe kipana kuliko kipimo hicho ili mifupa hiyo ndiyo ibebe mzigo. Kifuniko kinene cha sponji hakitatui shida. Makalio huzama ndani yake na msamba hukandamizwa zaidi.

USUKANI NA MIKONO

Vidole viwili vilivyomtisha mwalimu huhudumiwa na mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja, chini ya kidole kidogo. Mtu akilalia usukani, mshipa huo hubanwa. Ganzi ya kidole gumba na viwili vinavyokifuata hutokana na mshipa mwingine, nao hubanwa kifundo cha mkono kikipinda.

Baiskeli nyingi mpya za mbio huja na pete ndogo chini ya shingo inayobeba usukani. Anayeanza aziache zote mahali pake ili usukani usiwe chini sana. Ukiona bado unajinyoosha mno, fundi anaweza kukuwekea shingo fupi zaidi. Kazi hii ya mbele mwachie fundi, kwani shingo ikifungwa vibaya usukani unaweza kukuponyoka. Ukiendesha, kunja viwiko kidogo, nyoosha vifundo vya mikono, na ubadilishe mahali pa kushika kila mara.

Hewa pia humaliza mikono. Namba ya juu iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mpaka wa kutovukwa, si kiwango cha kulazimisha. Tairi lililojazwa hadi kuwa gumu kama jiwe hupeleka kila mtikisiko viganjani.

Mwisho, jaribu breki ukiwa umesimama. Nchini Kenya mkono wa kulia kwa kawaida hushika breki ya mbele, lakini baiskeli nyingi zinazotoka bara la Ulaya na Marekani zimefungwa kinyume. Kutojua hilo kunaweza kukurusha juu ya usukani.

LINI UMWONE DAKTARI?

Badilisha jambo moja kwa wakati, uliandike kwenye karatasi, kisha uendeshe safari fupi mbili au tatu kabla ya kugusa jingine. Maumivu mengi yatapungua.

Hata hivyo, usingoje iwapo ganzi haiondoki baada ya siku mbili tatu za kupumzika, mkono unaishiwa na nguvu, goti limevimba au linakwama, au mwanamume ameona nguvu zake za kiume zimepungua. Maumivu ya kifua, kuzirai, au ganzi ya ghafla ya uso na mkono pamoja na usemi kuvurugika ni dharura. Nenda hospitali mara moja, hata kama uliendesha baiskeli jana. Wenye shinikizo la damu, sukari au ugonjwa wa moyo wazungumze na daktari kabla ya kuanza.

Kuhusu tembe za maumivu, kuzimeza kila siku bila ushauri kunaweza kutoboa tumbo na kudhuru figo, hasa kwa wenye shinikizo la damu na sukari. Isitoshe, hunyamazisha goti ilhali kiti kingali chini.

Mwalimu alikaa bila kuendesha kwa majuma mawili. Aliporudi kwenye baiskeli, ganzi ya sehemu za siri haikurudi tena. Goti lilitulia katika muda wa wiki tatu hivi. Vidole vilichukua karibu miezi miwili, kwa maana mishipa ya fahamu hupona polepole, na angalichelewa zaidi huenda udhaifu ungebaki. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Mwalimu huzipata dakika hizo kwa kuendesha jioni nne, na sukari yake ilipopimwa tena ilikuwa imeshuka. Kama angaliiuza baiskeli ile, angaliuza pia dawa iliyokuwa ikimfaa kuliko yoyote niliyoweza kumwandikia. Kwa hivyo msomaji, baiskeli yako mpya ikikuumiza, usiharakishe kuilaumu wala kuulaumu umri wako. Azima utepe wa kupimia kwa fundi cherehani, mwite mwenzako, na muanze na kiti.