Meno ya Nailoni: Kilichomo Ndani ya Ufizi

Mtoto wa miezi 5 akipata homa na kuharisha, huku ufizi umetuna pale chonge litakapoota, wapo wazazi wanaoambiwa kuwa ana "meno ya nailoni", au ya plastiki. Madaktari wa meno wa Tanzania wamekuwa wakiandika kuhusu imani hii tangu miaka ya 1980. Tiba yake inatisha: ufizi huchanwa kwa kisu au spoku ya baiskeli iliyonolewa, bila ganzi, na kilichomo huchokolewa nje. Hutoka kitu kidogo, cheupe, laini. Mzazi akikiona, anaamini.

Alichokiona ni jino halisi ambalo halijakomaa.

Ujenzi wa jino huanza mimba ikiwa na wiki 6 hivi. Utando wa juu wa taya hunenepa, kisha huzama kwenye tishu iliyo chini yake. Tabaka hizo mbili huwasiliana kwa vichocheo vya ukuaji, yaani protini ambazo seli moja huzitoa na jirani yake huzipokea. Kichocheo kiitwacho BMP4 hutoka kwanza juu na kuiamsha tishu ya chini. Ikishaamka, nayo hukitengeneza na kukirudisha juu. Baadaye kikundi cha seli katikati ya chipukizi hutoa FGF4, inayohimiza seli za jirani zigawanyike, ilhali kikundi chenyewe hakigawanyiki. Pembeni panakua, katikati panabaki, na umbo la jino linajitokeza. Kazi ikiisha, seli hizo hufa.

Kisha TGF-beta na wenzake huzigeuza seli za chini kuwa odontoblasti, wajenzi wa dentini, sehemu ngumu ya ndani ya jino. Za juu huwa ameloblasti, wajenzi wa enameli, ganda gumu la nje. Enameli hutandazwa ikiwa laini, imejaa protini, ndipo madini huingia polepole. Kichwa cha chonge la utoto huanza kupata madini karibu mwezi wa 4 wa mimba na hukamilika mtoto akiwa na miezi 9 hivi. Anayelichokoa kwenye miezi 5 lazima akute kitu laini.

Nguvu ya vichocheo vya ukuaji ilidhihirika kwa panya. Mwaka 1962 Stanley Cohen, mtafiti wa Marekani, alieleza protini aliyoitoa kwenye tezi za mate za panya. Vichanga vya panya waliodungwa protini hiyo walifumbua macho na kuota meno siku kadhaa kabla ya wenzao. Mwaka 1986 yeye na mtafiti mwenzake Rita Levi-Montalcini walipata Tuzo ya Nobel kwa kugundua vichocheo vya ukuaji.

Karibu na chonge la utoto limelala chipukizi la chonge la ukubwani, nalo huumia kwa spoku ileile. Ameloblasti hufa jino linapochomoza, hivyo enameli iliyokosewa haijengwi tena: jino hutoka na mashimo, au halitoki kabisa. Mtoto mwenyewe anaweza kuvuja damu nyingi au kupata pepopunda.

Kwa nini homa na uvimbe vinakutana? Katika umri huo kinga aliyopewa na mama inapungua, naye anaanza kula na kutia kila kitu mdomoni, hivyo huambukizwa kirahisi wakati uleule chonge linapotunisha ufizi. Kwa mzazi wa Busi, wilayani Kondoa, mahali pa kukimbilia ni zahanati: kipimo cha malaria, na kwa kuharisha, ORS na zinki. Chonge litajitokeza lenyewe, karibu na miezi 18.