Fahamu: Protini inavyoondolewa ndani ya seli ili kazi yake ijulikane

Njia ya siku nyingi ya kujua kazi ya protini ni kufuta jeni yake. Lakini zipo protini ambazo seli haiwezi kuishi bila hizo: ukifuta jeni, seli inakufa kabla hujaona lolote. Kuzima RNA, nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini, nako huchukua muda, maana protini iliyokwisha kutengenezwa bado ipo.

Mwaka 2009 watafiti wa Japani, akiwemo Masato Kanemaki, waliazima ujanja wa mimea. Oksini, homoni ya ukuaji, hufanya kazi kwa kuamuru protini fulani zivunjwe. Walichukua protini TIR1 ya mpunga wakaiingiza kwenye seli za wanyama, kisha wakaibandika protini wanayoichunguza mkia maalumu. Ukitia oksini kwenye chombo, TIR1 inaunasa mkia, protini inapigwa chapa ya yubikwitini, na proteasomu, kinu cha seli, inaisaga. Mara nyingi nusu saa yatosha. Oksini ikioshwa, protini hurudi. Uzuri wote uko hapo.

Kasoro? Baadhi ya protini zilizobandikwa mkia zilivunjwa hata kabla ya oksini kutiwa. Toleo la 2020 la mbinu hii, liitwalo AID2, lilipunguza sana tatizo hilo, na linahitaji dawa kidogo kuliko toleo la kwanza.