Jinsi ya kutafuta utafiti kuhusu Rusinga na ziwa letu mtandaoni

Kati ya mwaka wa 2012 na 2015, nyumba za Kisiwa cha Rusinga ziliwekewa mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua chini ya mradi wa SolarMal. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2016 katika jarida la The Lancet: maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa takriban asilimia 30 palipokuwa na mitego. Wakaazi waliofungulia watafiti milango wana kila sababu ya kuyasoma. Shida huwa ni kujua pa kuyapata.

Katalogi na hifadhidata ni vitu viwili tofauti. Katalogi ya maktaba ya chuo kikuu huonyesha vitabu na tasnifu zilizomo humo, pamoja na nambari ya rafu. Makala za majarida hupatikana kwenye hifadhidata. Nyingi hulipiwa na chuo, hivyo mwanafunzi huingia kwa nenosiri la maktaba. Kama wewe si mwanafunzi, muulize mkutubi wa chuo kilicho karibu, kama vile Tom Mboya mjini Homa Bay au Rongo kule Migori, iwapo wageni wanaruhusiwa kusoma.

Kuna pia milango isiyolipiwa. Google Scholar hutafuta bila malipo. AquaDocs huhifadhi machapisho ya uvuvi na maji, na vyuo kama Nairobi na Maseno vina hazina za kidijitali za tasnifu.

Ukishafika kwenye kidirisha cha kutafutia, fuata hatua hizi:

1. Andika maneno machache makuu, si swali zima. Kwa kuwa tafiti nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, tumia maneno ya lugha hiyo.

2. Tumia majina yote ya kitu. Omena wetu ni dagaa Tanzania na mukene Uganda. Ukiandika "omena" pekee, utakosa kazi za majirani. Jina la kisayansi, Rastrineobola argentea, huzileta pamoja.

3. Unganisha maneno. AND hupunguza matokeo, OR huyaongeza. Alama za kunukuu hushikanisha maneno, mfano: "Lake Victoria" AND (omena OR dagaa OR mukene).

4. Chuja kwa mwaka, kisha soma ikisiri kabla ya kufungua makala yote.

5. Ukipata makala moja nzuri, angalia orodha ya marejeleo mwishoni. Hapo utapata nyingine.

Makala ikidai malipo, bonyeza sehemu ya matoleo yote kwenye Google Scholar, kwani huenda kuna nakala ya bure. La sivyo, mwandikie mtafiti barua pepe na umwombe nakala kwa heshima.

Usiamini kila unachosoma. Angalia utafiti ulifanyika wapi, lini, kwa watu wangapi, na nani aliufadhili. Utafiti mmoja hautoshi.

Kikundi kinachotaka kuweka akiba ya wanachama kwenye vizimba vya samaki kinaweza kwanza kutafuta "cage" AND tilapia AND "Lake Victoria" na kusoma kilichosababisha vifo vya samaki kwingine. Mkaazi anayekuja kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma akiwa na ushahidi mkononi huwa vigumu kupuuzwa.