Mwamba Ndani ya Kioo: Samaki wa Ziwa Nyasa katika Nyumba za Mbeya na Iringa

Akwariamu ya matumbawe, yaani tangi la kioo lenye maji ya chumvi ambamo hufugwa matumbawe hai pamoja na samaki wa baharini, ni pambo la nyumba linalotamaniwa na wengi na kuwashinda wengi, na ugumu wa kulitunza huongezeka kadiri nyumba inavyokuwa mbali na bahari na juu ya usawa wake. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa nao uko juu ya mita 1,500, na anayesafiri kwa barabara kutoka Dar es Salaam hufika Iringa baada ya kilomita zipatazo 500 na Mbeya baada ya zaidi ya kilomita 800. Hata hivyo, Nyanda za Juu Kusini zina mwamba wao wenyewe, ule wa Ziwa Nyasa, ambao samaki wake wenye rangi za buluu, manjano na chungwa wamepamba matangi ya Ulaya na Marekani kwa zaidi ya nusu karne, ilhali katika sebule za Mbeya na Iringa, zilizo karibu na ziwa lenyewe, hawajapata nafasi wanayostahili. Mwamba huo wa ziwani ndio unaofaa kujengwa katika nyumba za nyanda hizo, na sababu zake huonekana wazi mara tu yanapozingatiwa mahitaji ya mwamba wa baharini.

Tumbawe ni mnyama, ingawa wengi hulidhania kuwa jiwe au mmea. Kila tumbawe ni kundi la vijinyama laini, kila kimoja kikiwa na mdomo uliozungukwa na minyiri, ambavyo hufyonza kalisi kutoka katika maji ya bahari na kujijengea mifupa ya chokaa, na ndani ya nyama yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho. Kwa hiyo mfugaji wa matumbawe hutakiwa kuwa na taa kali zinazoiga jua la bahari ya tropiki, maji yenye gramu zipatazo 35 za chumvi katika kila lita, kalisi ya miligramu kati ya 400 na 450 kwa lita, na joto lisiloyumba la nyuzi 25 hivi. Chumvi inayohitajika si ile ya jikoni, kwa kuwa ya jikoni karibu yote ni kloridi ya sodiamu, wakati maji ya bahari yana pia magnesi, kalisi, potasi na madini mengine mengi ambayo bila hayo tumbawe hufa. Tangi la lita 300 humeza zaidi ya kilo 10 za mchanganyiko maalumu wa chumvi hiyo siku ya kwanza tu, na kila maji yanapobadilishwa huhitajika nyingine.

Udhaifu wa viumbe hawa ulidhihirika mwaka 1998, pale joto la Bahari ya Hindi lilipopanda kupita kiwango cha kawaida na matumbawe mengi ya mwambao wa Afrika Mashariki yakautoa mwani wao, yakageuka meupe na kufa. Ikiwa bahari yenyewe, kwa ukubwa wake wote, iliweza kuyapoteza kwa kuongezeka joto kidogo tu, ni rahisi kukisia yatakayolipata tangi la sebuleni umeme unapokatika usiku wa Julai mjini Mbeya, wakati hewa ya nje hushuka chini ya nyuzi 10. Zaidi ya hayo lipo suala la upatikanaji. Matumbawe ya mawe yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini, kwa hiyo hayavuki mpaka bila kibali, na hifadhi kama ile ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, au ya Chumbe huko Zanzibar, zipo hasa ili matumbawe yabaki mahali yalipo. Kuvunja kipande cha mwamba ufukweni na kukipandisha Iringa katika ndoo ni kuiba mali ya wote ili ikafie njiani.

Ziwa Nyasa, ambalo Tanzania hulichangia na Malawi na Msumbiji, lina kina cha mita zipatazo 700 na lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani. Wengi wa samaki hao ni wa ukoo wa sikilidi, ambao ndio ukoo wa perege na sato, na katika ukoo huo wale wanaoishi kwenye miamba ya ufukweni huitwa mbuna, jina lililotoka katika lugha ya Watonga wa upande wa Malawi na ambalo sasa hutumiwa na wafugaji wa dunia nzima. Katika Wilaya ya Kyela, ufuko wa mchanga wa Matema hukoma pale Milima ya Livingstone inapoporomokea majini, na kuanzia hapo kuelekea Ikombe ziwa hupakana na mawe makubwa yaliyorundikana hadi chini. Friedrich Fülleborn, daktari Mjerumani, alikusanya samaki wa ziwa hilo mwishoni mwa karne ya 19 akiwa katika kituo cha Langenburg kwenye ufuko huohuo wa kaskazini mashariki, kabla makao ya utawala hayajahamishiwa mlimani, mahali palipoitwa Langenburg Mpya na ambapo leo ni Tukuyu. Mmoja wa samaki maarufu kuliko wote katika matangi ya dunia, Labeotropheus fuelleborni, huitwa kwa jina lake.

Samaki huyo anastahili kutazamwa kwa karibu. Pua yake imetokeza mbele na mdomo wake umekaa chini kama upanga mdogo uliolazwa, na kwa umbile hilo huweza kulala sambamba na jiwe na kukwangua ukoga bila kusimama kichwa chini, hata mahali ambapo mawimbi hupiga kwa nguvu. Ukoga huo, yaani utando wa kijani na kahawia unaofunika mawe, ni mchanganyiko wa mwani na vijidudu vidogo sana, na ndio shamba linalowalisha mbuna wengi. Mtafiti Geoffrey Fryer, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1959, alionyesha jinsi aina nyingi za samaki zinavyogawana mwamba mmoja, kila aina ikiwa na namna yake ya kupata riziki. Hapa ndipo mwamba wa Nyasa unapomwia mfugaji mpole kuliko ule wa bahari, kwa kuwa ukoga ambao mfugaji wa matumbawe huupiga vita kila wiki, katika tangi la mbuna ni chakula kinachoota chenyewe juu ya mawe kwa mwanga wa taa ya kawaida.

Tangi linalofaa kwa kuanzia ni lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50, ambalo huchukua lita 300 na ambalo fundi wa vioo huweza kulijenga kwa kioo cha milimita 10 na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua samaki. Maji peke yake yatakuwa na uzito wa kilo 300, na mawe yakiongezwa uzito huo hupita kilo 400, hivyo kabati la mbao la televisheni halifai, bali huhitajika meza ya chuma iliyosimama juu ya sakafu ya saruji iliyonyooka, na karatasi ya povu gumu chini ya kioo ili uzito usikusanyike mahali pamoja.

Katika suala la mawe, Nyanda za Juu Kusini zimejaliwa kuliko nchi nyingi zinazofuga samaki hawa. Iringa ni mji wa matale, yaani mawe ya graniti, na Gangilonga, jiwe ambalo kwa Kihehe jina lake ni jiwe linaloongea, ni moja tu kati ya mengi yaliyouzunguka. Vipande vya aina hiyo ya jiwe havibadilishi maji kwa namna yoyote na vinafanana sana na mawe ya ufuko wa Nyasa. Songwe, magharibi ya Mbeya, kuna mawe ya chokaa yanayotumika kutengenezea saruji, na haya hubadilisha maji kwa makusudi, kwa kuwa huyeyuka polepole na kuyafanya magumu, yaani yenye kalisi nyingi. Maji ya Nyasa yana kipimo cha pH kati ya 7.7 na 8.6, maana yake ni maji yaliyo upande wa alkali, wakati maji ya vijito vya milimani mara nyingi ni laini, hivyo mawe machache ya chokaa kati ya matale huyasogeza maji ya bomba yafanane na ya ziwani. Anayetaka kutofautisha mawe hayo hudondoshea siki juu ya jiwe kavu: likitoa povu ni la chokaa, likinyamaza siyo. Mawe hupangwa kwanza, juu ya povu au plastiki ngumu, kisha mchanga humwagwa baadaye kuyazunguka, kwa sababu mbuna huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga uliochimbwa huanguka na kupasua kioo. Kati ya mawe huachwa mapango mengi, na vyungu vya Wakisi wa Ikombe, vile visivyopakwa rangi, vikilazwa ubavu hufanya mapango mazuri.

Hatua ambayo wengi huiruka, na ambayo kwa kuiruka huua samaki wao wa kwanza, ni ya kusubiri. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki huzaa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa mradi isilimbikizwe. Bakteria hao huchukua majuma manne hadi sita kuzaliana vya kutosha, na katika maji ya baridi huchelewa zaidi. Makazi yao ni chujio, yaani sanduku ambalo pampu hupitishia maji, na hakuna kitu bora cha kulijaza kuliko mawe mepesi ya volkano yanayopatikana katika maeneo ya Rungwe, yale yale watu wanayosugulia nyayo, kwa kuwa kila moja lina maelfu ya vitundu ambamo bakteria hukaa. Katika majuma hayo tangi huwa na maji, mawe, pampu inayozunguka na chembe chache za chakula zinazotupwa kila siku ili zioze, lakini halina samaki hata mmoja.

Baridi na hewa ndivyo vinavyolitofautisha tangi la Mbeya na tangi la Dar es Salaam. Mbuna huhitaji nyuzi 24 hadi 27, na ili kulipandisha tangi la lita 300 kwa nyuzi kumi juu ya joto la chumba hita ya wati 300 hufaa, ikisaidiwa na vipande vya povu jeupe, kama vile vinavyokuja na televisheni mpya, vikibandikwa nyuma na ubavuni ili joto lisipotee. Kwa upande wa hewa, msukumo wake katika kimo cha Mbeya ni takriban asilimia 82 ya ule wa ufukweni, na kwa kiasi hichohicho oksijeni inayoweza kuyeyuka katika maji hupungua: maji ya nyuzi 25 ambayo Dar es Salaam hubeba miligramu zipatazo 8.2 kwa lita, Mbeya hubeba chini kidogo ya 7. Maji ya chumvi hubeba pungufu zaidi, na hiyo ni hoja nyingine dhidi ya matumbawe huku juu. Pampu ya hewa kwa hiyo si pambo, na pampu ndogo ya betri hutakiwa kuwepo tayari kwa saa za kukatika umeme, kwa maana samaki huvumilia maji yanayopoa polepole kwa saa kadhaa, lakini hawavumilii kukosa pumzi.

Mbuna ni wagomvi, na dume mmoja hulinda pango lake kwa ukali unaoweza kumuua mwenzake, hivyo wafugaji huweka majike watatu au zaidi kwa kila dume, na huwaweka samaki wengi kidogo, kama ishirini katika tangi la lita 300, ili ugomvi usimwangukie mmoja peke yake. Wengi wao ni wala ukoga wenye utumbo mrefu. Chakula chao ni kile chenye mwani wa spirulina, pamoja na majani ya mchicha yaliyochemshwa kidogo. Nyama ya ng'ombe huwavimbisha tumbo na kuwaua, na makombo ya ugali na mkate huchafua maji tu. Robo ya maji hubadilishwa kila juma au kila majuma mawili, na maji mapya huachwa kwanza kwenye ndoo wazi kwa siku moja ili klorini itoke, kisha huongezewa maji ya moto kidogo kutoka jikoni hadi joto lilingane.

Tangi likitulia, mambo ambayo wataalamu waliyafuata ziwani huonekana kwa macho sebuleni. Jike hutaga mayai na papo hapo kuyachukua mdomoni. Dume hutandaza pezi lake la chini karibu na mkia, lenye madoa ya manjano yanayofanana na mayai, na jike anapojaribu kuyaokota hayo madoa hupokea mbegu za dume na mayai yaliyomo mdomoni hurutubishwa. Mtafiti Wolfgang Wickler alieleza ujanja huo mwaka 1962. Kwa majuma matatu hivi jike huatamia mayai mdomoni bila kula, taya likiwa limetuna, kisha hufungua kinywa na vifaranga vilivyokamilika hutoka.

Samaki hupatikana kwa kufuata sheria, na ofisa uvuvi wa wilaya ndiye anayepaswa kuulizwa kabla ya kukamata au kusafirisha samaki hai kutoka Kyela. Samaki waliozidi hawamwagwi mtoni. Huko Cape Maclear, Malawi, wafanyabiashara waliachia mbuna wa sehemu nyingine za ziwa hilohilo, na samaki hao bado wapo wakichanganyika na wenyeji. Anayewaachia mbuna katika Mto Ruaha atakuwa ameanzisha jambo ambalo hakuna wavu wa kulirudisha nyuma. Atakayeanza na ajaze tangi lake Septemba, wakati baridi imekwisha, ili bakteria wawe tayari Oktoba na Novemba, miezi ambayo ina joto kuliko yote katika Mbeya na Iringa, na samaki wapate muda wa kuzoea kabla ya Juni.