Udongo wa Kericho, Rangi za Samaki

Kisiwa cha Ndere kina ukubwa wa kilomita za mraba 4.2 tu, na tangu 1986 ni hifadhi ya taifa. Kutoka Kisumu unakifikia kwa boti, ukikata maji ya Ghuba ya Winam. Nchi kavu utaona swala pala; ufukweni, viboko na mamba. Lakini mgeni anayetoka Kericho au Bomet namsihi ayatazame maji kwanza, kwani sehemu yake imetoka kwao.

Itare, Chemosit na Kipsonoi huteremka kutoka Msitu wa Mau, hupita nchi ya chai iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huungana kuwa Mto Sondu unaomwagika ghubani. Ghuba yenyewe haina kina kirefu, na mlango wake wa kuingilia ziwa kuu ni mwembamba. Tope likishafika humo hukaa.

Ndani ya maji hayo huishi furu, samaki wadogo wa ukoo mmoja na ngege. Inakadiriwa kuwa spishi 500 hivi zilichipuka Ziwa Victoria katika miaka 15,000 tu, tangu ziwa lilipokauka na kujaa tena. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo, kasi hiyo inashangaza mno. Sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 aliwamaliza wengi, na kisa hicho kinajulikana. Cha tope husimuliwa kwa nadra.

Jike la furu humchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu furu wa Ghuba ya Mwanza, Tanzania. Kwenye visiwa vya miamba vya huko kuna spishi mbili zinazofanana mno: madume ya moja ni ya buluu, ya nyingine ni mekundu, nayo inaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Penye maji maangavu kila jike humwendea dume wa aina yake. Penye tope, mwanga wa buluu humezwa mapema, rangi hufifia, majike huchanganya madume, na vizazi vikipita spishi mbili huwa moja. Hakuna samaki aliyevuliwa wala kulishwa sumu, ila spishi imetoweka.

Na tope linaloingia Ghuba ya Winam hutoka wapi? Watafiti waliopima vijito vya Mau Kusini Magharibi waliona kijito cha msituni kikibeba tani 21 hivi za udongo kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, cha mashamba makubwa ya chai na miti tani 42, na cha wakulima wadogo tani zaidi ya 130. Chai iliyokomaa huifunika ardhi mwaka mzima. Shamba la mahindi au viazi huwa tupu hasa mvua za Machi zinapoanza. Njia za ng'ombe zinazoshuka hadi mtoni nazo hugeuka mifereji.

Askari wa wanyamapori anaweza kumzuia jangili asitie mguu Ndere, lakini tope la Sondu liko nje ya uwezo wake. Anayeliweza ni mwenye shamba wa Konoin au Bureti: aache ukanda wa nyasi na miti ya asili kando ya kijito, asilime hadi ukingoni, na ng'ombe awanyweshe kwenye hori lililo mbali na mto.