Kwa nini gari linalooshwa saa sita mchana hubaki na madoa?

Mtwara mjini, mwezi wa kumi, jua la saa sita. Kijana kamaliza kuosha gari jeusi, anasubiri hela yake. Mwenye gari anaangalia boneti: madoa meupe kibao. "Hujaosha vizuri, rudia!" Anarudia kwa maji yale yale, na madoa yanarudi vilevile. Je, ni uzembe? Mara nyingi hapana. Tatizo ni joto la bati.

Simu ikikuonyesha nyuzijoto 31, hilo ni joto la hewa. Boneti ni habari nyingine. Rangi nyeusi hufyonza sehemu kubwa ya mwanga wa jua na kuugeuza kuwa joto, kiasi kwamba bati linaweza kufika nyuzijoto 70 hivi. Gari jeupe hurudisha mwanga mwingi, kwa hiyo lina nafuu.

Halafu Mtwara iko takriban digrii 10 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tarehe 21 Februari. Mchana wa siku hizo, paa na boneti hupigwa na jua wima, huku milango ikipigwa kidogo sana. Ndiyo maana madoa hujaa zaidi juu.

Sasa, madoa yenyewe yanatoka wapi? Maji ya visima vya pwani yenye mawe ya matumbawe mara nyingi huwa na kalisi na magnesi. Tone likikauka, maji huondoka lakini madini hubaki palepale, sawa na ule utando mweupe ndani ya birika. Bati la moto na upepo wa bahari hulikausha tone kabla kitambaa hakijafika. Sabuni nayo hugandia hivyo hivyo, na polishi hukauka kabla haijasambazwa.

Kwa hiyo, kabla ya kumwaga maji, weka kiganja juu ya boneti. Kama huwezi kukiacha hapo kwa sekunde tano, subiri. Peleka gari kivulini, acha na injini ipoe. Osha kipande kimoja, suuza, kausha kwa taulo, ndipo uende kingine. Madoa mapya ya chokaa hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha suuza haraka.

Nawe mwenye gari, lipeleke asubuhi. Ukilipeleka saa sita, usimkate kijana hela yake kwa kosa la jua.